Kaka Aliuliza, Nikamjibu Ndege

Markham, Ontario
22 Novemba 2009

Kaka yangu Urbanus,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti limepoa, na watoto wako hawajambo wote. Mimi sijambo, Mungu ananitunza, ila baridi imeshaanza kunishika vidole. Mwanangu Erick naye mzima. Yuko kule Weston karibu na mto, kila asubuhi anapanda treni kwenda kazini mjini. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, lakini akiwa na njaa Kiswahili chote kinarudi.

Barua yako ya Oktoba nimeipata. Nimeisoma yote, na lile uliloniuliza kuhusu Donatienne nimelisoma pia. Nitalijibu. Kwanza nikupe habari za huku, maana kwenye simu mtandao wenu ukishika tunaishia kwenye salamu.

Nimeshahama St. James Town, kule kwenye maghorofa. Sasa ninakaa na bibi mmoja Mhindi wa kwetu, Bi Daulat, mzaliwa wa Lindi. Macho yake yamefifia na miguu imechoka, kwa hiyo namwogesha, nampikia, namsindikiza. Ni Mwislamu wa Shia, mtu wa sala kwelikweli, na Kiswahili chake kinanishinda mimi niliyezaliwa nacho.

Nyuma ya nyumba kuna bustani. Mume wake marehemu, Mzee Hyderali, alitundika humo vibanda vidogo vya mbegu za alizeti, na kila majira ya baridi alikuwa anatazama ndege wanaokuja kula, halafu anawaandikia watu wanaochunguza habari za ndege nchi nzima. Bi Daulat hataki kazi ya mumewe ife. Basi mimi ndiye macho yake. Nakaa kwenye dirisha la jikoni, namwambia ninachokiona, ananipa jina, naandika kwenye karatasi yao, kila wiki.

Sasa sikiliza nilivyoanza. Asubuhi ya kwanza naosha vyombo, nikatupa jicho nje, nikaona kundi limetua kwenye mbegu linakula bila wasiwasi. Kaka, sikufikiri. Mkono wenyewe ulichukua sufuria na mwiko. Nilitoka na kandambili kwenye majani yenye barafu, napiga sufuria, hoo, hoo, kama tulivyokuwa tukiamia ndege kwenye uwele. Wakaruka wote. Jirani akafungua dirisha. Bi Daulat akaita kutoka sebuleni, "Josephine, kuna moto?"

"Hakuna moto, Bi Daulat. Ndege walikuwa wanakula mbegu zako."

Alicheka mpaka nikamletea maji. Akasema, "Mwanangu, hao ndio wageni wenyewe."

Lile jambo lako nitaliandika vizuri, lakini karatasi ndiyo hii imeisha. Mama Maria awafunike wote.

Dada yako,
Josephine


Sepuka, Singida
16 Desemba 2009

Josephine mdogo wangu,

Milele amina. Tumefurahi kusikia u mzima. Goti halijambo nikiwa nimekaa, likijua naenda kanisani linaanza maneno. Mvua zimeanza vizuri, mtama umeota. Mtoto wa mwisho amefaulu kwenda sekondari, mshukuru Mungu pamoja nami.

Barua yako nilifanya kosa la kuisoma mbele ya watu. Nilipofika kwenye sufuria walicheka mpaka kuku wakatoka nje. Jirani mmoja aliuliza kama hao Wakanada wamekosa mbuzi wa kufuga. Huku tunaamkia shambani mpaka sauti inakauka, ndege wasitumalize, na wewe unawanunulia alizeti. Usiwataje ndege wa huku kwa wenzao, watakuja.

Lakini, mdogo wangu, nilikuuliza habari ya mke, ukanijibu ndege. Unasema karatasi imeisha. Nyuma yake kulikuwa kweupe.

Nakuuliza tena, na nitaandika kila kitu ili usiseme hukuelewa. Paskalina alituacha Machi mwaka 2006. Watoto wamekuwa wakubwa, jioni tunabaki mimi na redio. Donatienne ni mjane kama mimi, katokea upande wa Kigoma, anashona sare za shule hapa senta. Ni mtu wa sala na hana makuu. Akikosea mshono anajicheka kwanza kabla hujamwambia. Nataka kumwoa.

Nimemwambia sitatangaza ndoa kanisani mpaka dada yangu aseme neno. Kwa nini wewe, unajua mwenyewe. Ni wewe uliyekuwa rafiki yake Paskalina kabla mimi sijamjua, ni wewe uliyemshika mkono ukamwingiza jikoni kwa mama. Mimi ni katekista, nafundisha watu wa ndoa kila mwaka. Siwezi kuingiza mtu nyumbani kwa mlango wa nyuma.

Kwaresima inaanza katikati ya Februari na ndani ya Kwaresima hatufungi ndoa. Sema ndiyo au sema hapana, nitayapokea yote mawili.

Noeli njema, na uvae soksi mbili.

Kaka yako,
Urbanus


Markham
14 Januari 2010

Kaka yangu mpendwa,

Heri ya mwaka mpya. Barua yako ilifika na theluji, siku moja. Hongera kwa mtoto, mwambie shangazi yake anajivuna naye mpaka kanisani. Erick alikuja Krismasi na kuku wa kuchoma, akala nusu mwenyewe, akalala kwenye kochi.

Noeli ilikuwa ya namna yake. Kwa Bi Daulat ilikuwa Muharram, mwezi wao wa msiba. Nyumba imejaa wanawake wa nguo nyeusi, wanamlilia Imamu wao Husein. Mimi natoka misa na gauni langu la kijani, naingia kwenye vilio. Nilitaka kwenda kubadilisha. Bi Daulat akanishika mkono. "Kaa na kijani chako, mwanangu, ni sikukuu yako." Basi nikawapikia chai, wao wakilia na mimi na kijani changu.

Ndege sasa nawajua. Kuna wadogo wenye kichwa cheusi kama wamevaa kofia, nawaita vikofia. Hao hawana tamaa. Anachukua mbegu moja, anaenda kuipasua juu ya tawi, hachukui nyingine mpaka amalize. Kuna wengine wa kijivu, tumbo jeupe, Bi Daulat anawaita janko. Hawa wanaokota za chini, zilizoangushwa na wenzao. Bi Daulat akaniambia wamekuja hapa kukimbia baridi. Nikamwambia, Bi Daulat, mtu akimbie baridi aje Kanada? Akasema wanatoka kaskazini zaidi, na kwao hapa ndiyo joto. Nimeliwaza hilo siku nzima.

Halafu kuna Kardinali. Ndiyo jina lake kweli, wala sitanii, na amevaa nyekundu tupu kama yuko Roma. Mke wake ni wa hudhurungi, mdomo tu ndio mwekundu. Wanakuja wawili, kabla giza halijaingia, na mmoja akila mwingine anaangalia. Nilimwuliza Bi Daulat, mke akifa inakuwaje. Akasema dume hupata mwingine kabla ya msimu wa viota. Nikamwambia hilo sijaliona kwa macho yangu, siwezi kuliandika.

Lile jambo lako nimelipeleka kwa Mungu, kaka. Bado hajanijibu.

Nakuombea kila siku kwenye rozari, fumbo la pili.

Josephine


Sepuka
8 Februari 2010

Josephine,

Sisi hatujambo.

Labda Mungu amekujibu, au ameona aibu kukukatiza. Kwaresima ni wiki ijayo. Nimemwambia Donatienne kwamba tunangoja mpaka baada ya Pasaka, na kama neno lako halijafika, tutangoja tena. Akaniuliza, "Dada yako ana hasira na mimi?" Nikamwambia hapana, anatazama ndege.

Hakucheka.

Urbanus


Markham
1 Machi 2010

Kaka yangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako niliigeuza nikitafuta upande wa pili. Hata habari zangu hukuniuliza. Nimestahili.

Nina jambo la kukusimulia, na ni la ndege tena, lakini nivumilie, safari hii linafika kwako.

Mwezi uliopita alikuja kipanga. Alikaa juu ya uzio wa jirani, hana haraka, na tangu siku hiyo bustani ikanyamaza. Asubuhi hakuna, jioni hakuna. Mbegu zimejaa mpaka zinaota ukungu. Siku ya kuandika ikafika, nikakaa na ile karatasi mbele yangu, nikaona haya. Watu wanaulizia bustani ya marehemu Mzee Hyderali, mtu aliyewaandikia miaka yote, halafu mimi niwaambie hakuna? Wataona nyumba imeharibika tangu nimekuja. Nikawaandika wale wa wiki iliyotangulia. Vikofia wapo, janko wapo, Kardinali na mkewe hawajambo.

Jioni Bi Daulat akataka nimsomee. Nikasoma. Akageuzia sikio dirishani.

"Mbona sijawasikia wiki nzima?"

"Labda walikula kimya, Bi Daulat."

"Josephine."

"Abee."

"Wamekuja au hawakuja?"

"Hawakuja. Kuna kipanga."

"Sasa hawa uliowaandika wametoka wapi?"

"Niliona si adabu kuwaambia watu hakuna kitu. Mtu akikuuliza habari unasema kwanza nzuri."

Alinitazama na yale macho yake yasiyonifikia vizuri. Akasema, "Mwanangu, wale hawakusalimii. Wanakuuliza."

Akanieleza kwamba bustani tupu nayo ni habari, na wale watu wanataka kujua mahali ambapo ndege hawakuja sawasawa na mahali walipokuja. Nikafuta yote, nikaandika hakuna. Kaka, mkono ulikuwa mzito kama naandika tusi.

Nikaenda jikoni, nikasimama na kitambaa cha vyombo mkononi, nikaona kwamba wewe pia hukunisalimia. Uliniuliza. Na mimi nimekujibu nzuri, nzuri, tangu Novemba.

Basi si nzuri. Sina ndiyo na sina hapana. Kwangu mimi Paskalina hajafa.

Unakumbuka uliponipigia, nilikuwa St. James Town, karatasi zangu za kukaa nchi hii hazijatoka. Ningeondoka nisingeruhusiwa kurudi. Ukaniambia, "Tumemzika vizuri, usilie." Sikulia. Kesho yake nilikwenda kazini, na kesho kutwa pia. Tangu hapo nikiwaza nyumbani namkuta pale pale, jikoni, anachekecha unga, kanga ameifunga kifuani, ananiambia nisogee nisimzibie mwanga. Ukisema Donatienne anaingia, mimi naona anaingia na mwenyewe yumo ndani. Hicho ndicho kinanifunga mdomo. Huyo mama simchukii, wala simjui nimchukie.

Na wewe, Urbanus, ulinijibu nzuri. Nilikuuliza kwenye simu ilikuwaje, ukasema vizuri. Hakuna mtu anazikwa vizuri. Niandikie ilivyokuwa. Kama mvua ilinyesha, sema. Kama ulishindwa na kitu, sema. Halafu nitakujibu.

Dada yako,
Josephine


Sepuka
22 Machi 2010

Mdogo wangu Josephine,

Milele amina. Sisi tu wazima, na hii si salamu tu, ni kweli. Mtama umeanza kubeba, ndege wanatuzunguka, watoto wanapiga madebe tangu alfajiri.

Barua yako nimekaa nayo siku kadhaa. Nimeanza jibu mara mbili nikachana. Sasa naandika bila kusoma nyuma.

Haikuwa vizuri.

Aliumwa tumbo muda mrefu kuliko nilivyokuambia. Siku mbili za mwisho alimwona muuguzi wa zahanati akadhani ni wewe. Akamgombeza. "Josephine, umekaa sana huko, viazi vimeungua." Yule binti alikuwa na akili, akasema, "Nisamehe wifi, nimerudi." Paskalina akasema, "Haya, kaa." Baada ya hapo hakugomba tena.

Mvua ilinyesha, ndiyo. Daraja likakatika, Padre hakuweza kufika. Kaburi lilijaa maji. Vijana waliyachota kwa ndoo, mengine yakaja, mwisho tukaona tutachota mpaka usiku, tukamshusha hivyo hivyo. Nilisikia maji, Josephine. Hilo sijamwambia mtu.

Ikawa zamu yangu. Nimezika kijiji hiki chote kwa kitabu kile, kurasa zake nazijua kwa harufu. Nikakifungua, herufi zikawa si herufi. Nikasimama. Watu wakangoja. Ngugi, yule Mkenya fundi baiskeli, ambaye si Mkatoliki na kitabu chetu hajawahi kukishika, akakipokea akaanza kusoma. Alisoma kwa sauti kubwa kama anasoma tangazo la mnada. Hakujua kipi husomwa na kipi ni maelekezo, akasoma vyote. "Hapa Padre ananyunyizia jeneza maji ya baraka." Watu wakatazamana. Mvua inatunyeshea. "Hapa wote wanapiga magoti, kama mahali panaruhusu." Pale palikuwa matope matupu, hapakuruhusu, na tulipiga.

Wakati wa udongo nilirusha mara mbili. Mara ya pili nilitaja jina lako. Sikukuambia haya kwa sababu nilijua ukiyasikia utaacha kila kitu upande ndege, na Erick alikuwa bado anasoma. Nikasema vizuri. Nikaendelea kusema vizuri mpaka nikasahau kwamba nilikuficha.

Donatienne nimemsomea barua yako. Akaniambia, "Mwandikie yote. Mimi nipo."

Nawe nikuambie kitu. Siombi ruhusa yako kama mtoto. Nitakuwa na miaka sitini hivi karibuni. Naogopa tu kusimama peke yangu siku ile, bila mtu wa kwetu anayemjua aliyekuwepo na anayemkubali anayekuja. Mwenye kuyabeba yote mawili ni wewe tu.

Na kuna balaa jingine. Padre anakuja kigangoni mara moja kwa mwezi. Jumapili nyingine matangazo nasoma mimi. Kwa hiyo ukikubali, nitasimama mbele ya watu nisome jina langu mwenyewe, niwaulize kama kuna anayejua kizuizi cha mimi kuoa. Wanakwaya wameshaanza kucheka na hawajasikia kitu.

Pasaka njema. Nangoja.

Kaka yako,
Urbanus


Markham
18 Aprili 2010

Kaka yangu Urbanus,

Kristo amefufuka. Asante kwa barua. Nilikuwa naogopa kuifungua, nikaifungulia kwenye ngazi za nyuma, nimevaa koti.

Nilianza kusoma nikiwa mkavu kabisa. Viazi vilipita, maji yalipita. Nilipofika kwa Ngugi nikacheka. Nikacheka, Urbanus, yule mtu na sauti yake ile, kama mahali panaruhusu, na katikati ya kicheko ndipo kilio kikatoka, na hakikukoma. Bi Daulat alikuja mwenyewe kwa kupapasa ukuta mpaka mlangoni.

"Nani amekufa?"

"Wifi yangu."

"Lini?"

"Mwaka wa elfu mbili na sita."

Mwingine angenicheka. Yeye aliuliza, "Ulimkalia matanga?" Nikasema hapana, nilikwenda kazini. Akasema, "Sisi kila mwaka tunalia msiba wa miaka zaidi ya elfu na mia tatu. Wewe unaona haya kwa wa miaka minne?"

Akanifanya nishushe godoro sebuleni. Siku tatu sikupika. Alimpigia simu bibi mmoja wa msikitini kwao, Bi Khatoon, akaleta pilau na hakuuliza lolote, akakaa nasi chini na miguu yake mibovu. Jioni Erick akaja kutoka Weston. Alidhani naumwa. Nikamweleza nani aliyekuwa akimbeba mgongoni nikienda kisimani, maana hamkumbuki. Akakaa, akanisikiliza mpaka mwisho. Tulisali, mimi na rozari yangu, wao na tasbihi zao. Siku ya nne nikakunja godoro.

Sasa kichwani nikiingia jikoni kwenu, hayumo. Inauma kuliko alipokuwamo. Lakini ni kweli, na nafasi ya kusimama ipo.

Theluji imeyeyuka. Kipanga alihama mwezi uliopita, vikofia wakarudi, lakini janko wameondoka wote, wamekwenda kaskazini kwao. Karatasi za watu wa ndege nimezituma, na wiki ile tupu imo.

Kwa Donatienne, mwambie hivi. Mwambie sina hasira naye na samahani nimemngojesha. Mwambie sitaweza kuja kumshika mkono, Bi Daulat hana mwingine wa kumwamsha asubuhi. Aingie mwenyewe, kwa mlango wa mbele, mchana, watu wakiona. Kama mlango wa jikoni bado unavimba wakati wa mvua, asiuvute. Ausukume kwa bega, chini kidogo ya komeo. Mwenzake ndivyo alivyokuwa akifanya. Na akipata nafasi aniandikie, hata mistari miwili, asiniandikie kwamba kila kitu ni kizuri.

Nisikudanganye, si furaha tupu. Ni ndiyo.

Basi soma matangazo yako. Simama wima, goti lisikuaibishe mbele ya wanakwaya. Taja jina lako, taja na lake, polepole, walio nyuma wasikie. Na ukifika pale pa kuuliza kama kuna mwenye kizuizi, usikimbilie mstari unaofuata. Ngoja kidogo. Unihesabu na mimi kati ya walionyamaza.

Dada yako,
Josephine